Mkesha wa Pasaka wa mataifa mengi Malindi: lugha ngapi zinatosha?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu, na shikamoo. Mimi ni katibu wa kamati ya liturujia katika kigango kimoja hapa Malindi. Pasaka inayokuja Padre ameomba tufanye mkesha mmoja wa watu wote: Waitalia wanaoishi hapa, masista kutoka Kerala kule India, familia mbili za Wakongomani, Wapolandi wachache walio likizoni, na sisi wenyeji. Kila kundi linataka somo na wimbo kwa lugha yake, na wengine wanataka mahubiri yatafsiriwe. Ratiba nimeiandika mara tatu, na kila mara ibada inachukua zaidi ya saa nne nzima. Tena kuna familia za Kiethiopia, jirani zetu, nilizozialika. Mama wao aliniambia kwa upole kwamba siku hiyo Pasaka yao itakuwa bado, watakuwa wangali kwenye mfungo. Nilikosa la kumjibu. Tufanyeje?

JIBU: Milele na milele, mwanangu, na marahaba. Nilianza kukujibu kutokea mwisho wa barua yako, kwa yule mama wa Kiethiopia, kisha nikafuta. Nitamfikia. Kwanza hiyo ratiba.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye kamati ya parokia moja ya mwambao iliyokuwa na shida kama hii yako. Tulikuwa na lugha tano, na kwa kuogopa kumuudhi mtu tukazigawia zote. Somo la kwanza lilisomwa kwa lugha moja, likarudiwa kwa Kiswahili, likafupishwa kwa Kiingereza. Kufika somo la tatu watoto walikuwa wamelala kwenye leso za mama zao, na bibi wawili watatu wa vijiji vya mbali walishaondoka, maana matatu ya mwisho haimngoji mtu. Ili kuokoa muda tukaliruka somo la Kutoka, lile la bahari kugawanyika. Kanuni ya mkesha ina masomo saba ya Agano la Kale, nayo inaruhusu, sababu ikiwepo, yapunguzwe hata yabaki matatu. Hilo moja la Kutoka haliachwi kamwe. Sisi tuliliacha ili mtafsiri apate nafasi. Kijana mmoja aliyebatizwa usiku ule aliniambia baadaye kwamba anachokikumbuka ni kusubiri. Neno lile limeniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nakushauri hivi, na najua kwenye kamati hautakosa wa kunung'unika. Mkesha uendeshwe kwa Kiswahili, karibu wote. Wageni wapewe kazi za mikono, zamu za kusema ziwe chache mno. Na hiyo hamu ya kila mmoja kumsifu Mungu kwa lugha ya mama yake, ambayo ni hamu nzuri na haifai kuzimwa, itengewe siku yake, nayo ni Pentekoste.

Tazama mkesha ulivyo. Unaanza nje, gizani, na moto. Padre anaubariki moto, anauchora mshumaa wa Pasaka alama ya msalaba, herufi ya kwanza na ya mwisho ya Kigiriki na tarakimu nne za mwaka, kisha anaupachika punje tano za ubani. Mshumaa unaingia kanisani na kusimama mara tatu: "Mwanga wa Kristo", nasi "Tumshukuru Mungu". Kituo cha pili kila mtu anawasha mshumaa wake, moto ukipita kutoka mkono hadi mkono mpaka kanisa lote lionekane. Mpolandi asiyejua hata neno "asante" hahitaji mkalimani hapo. Anapewa moto na mama wa Kigiriama asiyemjua, naye anageuka kumpa aliye nyuma yake. Baadaye yanakuja maji, mafuta ya wakatekumeni, nguo nyeupe, kengele zilizonyamaza tangu Alhamisi Kuu zikilia tena. Kanisa liliupanga usiku huu ueleweke kwa macho na ngozi kabla ya masikio.

Basi gawa mikono. Moto wape wazee wa kigango. Wao wanajua kukoka moto wa makumbi na vifuu hata upepo ukigeuka, na mwezi wa nne hapa kwetu ndio wakati wa matlai, kaskazi imechoka na kusi haijashika, upepo unatoka kokote. Kuni na makumbi yaingizwe ndani tangu Jumatano, masika yasije yakawawahi. Mishumaa midogo ikingwe kwa chupa za maji zilizokatwa chini. Vijana watazikusanya kwa siku mbili tu. Maji ya ubatizo yaletwe na masista wa Kerala, mitungi mabegani kama watapenda. Ukifika Utukufu, Wakongomani wachukue ngoma pamoja na kayamba zetu. Kanisa la Kongo lina utaratibu wake wa Misa uliokubaliwa na Roma mwaka 1988, wenye kucheza kuzunguka altare, hivyo watu hao wamelelewa katika kumchezea Mungu kwa heshima. Hutahitaji kuwafundisha, waombe tu wakae na kwaya yako mazoezini mara mbili, wasije wakakutana kwa mara ya kwanza usiku wenyewe.

Vipaji vya mkate na divai viletwe na Waitalia na Wapolandi kwa pamoja. Wapolandi hasa watafurahi, maana kwao Jumamosi Kuu watu hupeleka kanisani vikapu vya chakula vibarikiwe: mayai, mkate, chumvi, soseji. Mwombe Padre abariki vikapu vyao mchana wa Jumamosi hiyo hiyo, dakika kumi, nje ya mkesha. Utashangaa jinsi jambo dogo kama hilo linavyomtuliza mtu aliye mbali na nyumbani asidai wimbo wa beti sita.

Kuhusu masomo, ningechagua manne: Mwanzo la uumbaji, Kutoka 14, Isaya 55 na Ezekieli 36. Hilo la Isaya lisomwe kwa Kiitalia na msomaji mmoja mzuri, bila kurudiwa. Kiswahili chake kichapwe kwenye karatasi moja ambayo kila mtu anayo, na nyuma ya karatasi hiyo weka Injili ya usiku huo kwa Kiitalia, Kifaransa na Kiingereza. Waraka na Injili visomwe kwa Kiswahili. Mahubiri yasitafsiriwe hata sentensi moja. Mahubiri ya kutafsiriwa papo kwa papo yanamchosha anayejua lugha zote mbili na hayamshibishi asiyejua hata moja. Mwombe Padre akupe nusu ukurasa siku mbili kabla, mtu auweke kwa Kiitalia na Kiingereza, uwe kwenye viti.

Na kuna maneno ambayo tayari ni ya wote. Aleluya, Amina, Hosana ni Kiebrania. Kirie ni Kigiriki. Aleluya haijaimbwa tangu Jumatano ya Majivu, na usiku huu Padre anaiinua mara tatu, kila mara sauti ikipanda, watu wakiitikia. Hapo Kerala, Kinshasa na Kakuyuni wanasema neno lile lile. Tumia wimbo wa Aleluya ulio mwepesi kabisa, ambao mtu akiusikia mara ya kwanza, mara ya pili anauimba.

Jambo moja hukulitaja na linanisumbua. Umeorodhesha mataifa yote, na mwisho ukaandika "sisi wenyeji". Wenyeji wako ni nani? Kama kigango chako ni kama vigango vingine vya Malindi ninavyovijua, nusu ya waumini ni Wagiriama na Wachonyi, na humo wamo wazee ambao Kiswahili chenyewe kwao ni lugha ya pili. Nimeona mara nyingi tukihangaika kumtafutia mgeni wa wiki mbili wimbo wake, huku bibi aliyefagia kanisa lile miaka thelathini hajasikia Kigiriama kwenye sherehe kubwa hata mara moja. Wimbo wa komunyo uwe wa Kigiriama. Huo usiupige mnada kwenye kikao.

Saa ya kuanza: saa mbili kamili usiku. Jua la Malindi majira hayo linatua kama saa kumi na mbili na nusu, na saa moja giza limeshika, kwa hiyo kanuni ya kutoanza kabla ya usiku kuingia mngeitimiza hata saa moja. Lakini mkianza saa moja, mbiu ya Pasaka itakutana na adhana ya Isha katikati, na mtapigana vipaza sauti na msikiti bila kukusudia. Mkingoja saa mbili, jirani ameshaswali, nanyi mna utulivu. Kwa mpango huu mtamaliza saa nne na nusu au karibu na hapo, hata mkiwa na wabatizwa kumi.

Sasa nikupe kisa kimoja cha mji wetu, kwa sababu kinagusa swali lako kuliko unavyodhani. Pasaka ya zamani zaidi ya Malindi ninayoijua kwa maandishi ilipita majini. Meli za Vasco da Gama zilitia nanga mbele ya mji tarehe 14 Aprili 1498, nayo ilikuwa Jumamosi Kuu. Kesho yake ndiyo Pasaka. Wareno walikuwa na hofu baada ya yaliyowapata Mombasa juma lililotangulia, hawakushuka. Wakaambiwa kwamba bandarini mna meli nne za Wakristo kutoka India. Watu wa meli hizo walipopanda kwa Wareno walionyeshwa picha ya Bikira Maria chini ya msalaba, Yesu mikononi mwake, na mitume kando. Wakaanguka kifudifudi. Mwandishi wa safari ile anasema kwamba kwa siku zote za kukaa hapa walikuwa wakija kusali mbele ya picha ile, wakileta karafuu na pilipili manga. Na kapteni alipopita karibu na meli zao waliinua mikono wakipaza sauti, naye mwandishi akasikia "Kristo! Kristo!"

Wanahistoria wengi wanaona watu wale walikuwa Wahindu, na huenda jina walilolitaja ni la Krishna. Mwandishi mwenyewe aliandika kwamba hawali nyama ya ng'ombe, lakini halikumshtua. Wareno wakaondoka tarehe 24 Aprili na rubani waliyepewa na mfalme wa Malindi, wakafika pande za Calicut mwezi wa tano, na huko wakaingia kusali katika hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa.

Mimi kisa hiki nakipenda na kinanitisha. Nakipenda kwa sababu ya ile picha: hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake, na bado watu walileta karafuu. Ndiyo maana nakusihi utegemee moto, maji na mikono. Kinanitisha kwa sababu watu walisali pamoja siku nyingi na hakuna upande uliojua mwenzake anamwomba nani. Wareno hawakuuliza, walisikia walichotaka kusikia, wakaandika, wakaenda zao. Mtu akiinama karibu nawe, usidhani umeshamjua. Kaa naye, muulize.

Ndipo tunafika kwa mama wa Kiethiopia.

Yeye hakukukatalia. Alikuambia tarehe. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325 ulitaka Wakristo wote waadhimishe Pasaka Jumapili moja, na kanuni iliyoshika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu tarehe 21 Machi. Makanisa ya Mashariki na ya Magharibi bado yanaifuata. Kilichowatenganisha ni kalenda. Mwaka 1582 Papa Gregori XIII alirekebisha kalenda ya Juliasi iliyokuwa imechelewa nyuma ya jua. Waorthodoksi walio wengi, na Waethiopia pamoja nao, wakaendelea kuhesabu Pasaka kwa hesabu ya zamani. Siku hizi tofauti ya kalenda hizo ni siku 13, tena majedwali ya mwezi nayo hayalingani. Hivyo "21 Machi" yao inaangukia tarehe 3 Aprili yetu, na mwezi mpevu wanaoutafuta mara nyingi ni mwingine. Kuna miaka Pasaka huangukia siku moja, kama 20 Aprili 2025, na itakuwa hivyo tena 16 Aprili 2028. Mwaka 2026 zinapishana juma moja, 5 na 12 Aprili. Mwaka 2027 yetu ni 28 Machi na yao 2 Mei, majuma matano kamili. Mtu wa Pwani hapaswi kushangaa. Tumekua tukiwaona jirani zetu Waislamu, ndugu wa nyumba moja, huyu ameuona mwezi na kula Idi, yule anangoja kesho, na wote wanapelekeana sahani.

Mfungo wake ni mzito kuliko Kwaresima yetu. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga siku 55 kabla ya Fasika, kama wanavyoiita Pasaka, na katika siku hizo hawagusi nyama, mayai, maziwa wala siagi. Ukimwalika kwenye sherehe yako ukamwekea pilau ya mbuzi, umemweka njia panda: avunje mfungo wake au akatae chakula chako mbele za watu. Ndiyo sababu ya ule upole wake. Alikuwa anakuepusha na aibu.

Hapo nazi ya Pwani inakuokoa. Baada ya mkesha andaa mahamri na mbaazi za nazi, na chai ya rangi. Mahamri ya kwetu ni unga, tui, sukari, hamira na iliki. Mwambie mpishi asitie yai wala maziwa, na yakaangwe kwa mafuta ya mimea. Chakula hicho anakila Mwethiopia aliye kwenye mfungo, anakila Muislamu, anakila jirani wa Kihindu asiyegusa nyama, na hakuna anayebaki akichagua kwenye sahani. Masista wako wa Kerala nao hawataona ugeni. Kwao, kwa Wakristo wanaojiita wa Mtume Tomaso, Alhamisi Kuu mwenye nyumba humega mkate usio na chachu wanaouita wa Pesaha, nao huliwa na maziwa ya nazi yaliyokolezwa sukari guru. Waulize. Wakikubali kuupika pamoja na kina mama wa kigango Alhamisi mchana, utakuwa umepata kitu ambacho somo la Kimalayalam madhabahuni lisingekupa. Nyama iwe Jumapili mchana, na mbuzi achinjwe na Muislamu kama ilivyo kawaida yetu, ili jirani yeyote akikaribishwa ale kwa amani.

Kuhusu komunyo, usimhimize mama huyo wala mtoto wake. Sheria ya Kanisa letu inampa Morthodoksi nafasi akiomba mwenyewe na akiwa tayari rohoni, lakini Kanisa lake lina msimamo wake, na kumsukuma ni kumgombanisha na baba wa roho wake. Mwambie akaribie kanisani akae anapopenda, ashike mshumaa kama wengine. Waanglikana na wengine watakaokuja, Padre atawapa maelezo mafupi kabla ya komunyo kwa sauti ya upole. Maelezo hayo yaandikwe. Usiyaache kwa mwongozaji mwenye haraka.

Umeuliza pia, kwenye kipande cha chini cha barua, kama Njia ya Msalaba ya Ijumaa Kuu ingefaa iishie kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, kwa kuwa wageni wanapapenda na pana msalaba juu. Mimi nasema hapana. Nguzo ile iliwekwa kwa jina la mfalme wa Ureno kuonyesha mkono wake umefika wapi, na jirani zetu wanajua kilichofuata, mizinga na kodi. Yesu aliyebeba msalaba tusimpeleke pale kwa nyimbo. Jumatatu ya Pasaka, ambayo kwa Waitalia ni siku ya kutoka nje na jamaa, watembezeni wageni wachache wachache kwenye kanisa dogo la Wareno lililoezekwa kwa makuti, lenye makaburi uani. Mtakatifu Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akienda Goa, na barua yake inasimulia alivyomzika hapa mtu aliyefia safarini. Aliandika kwamba Waislamu wa mji walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyozika wafu wao. Karibu miaka mia tano sasa, jirani anatutazama tunavyofanya ibada.

Na kwa sababu anatutazama, kuna jambo zito la kusema. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola miili iliyopita mia nne, ya waumini wa dhehebu lililowafundisha kufunga mpaka kufa, neno "mkesha" halisikiki kama zamani kwa watu wa Malindi. Neno "mfungo" pia. Nyumba nyingi za vijijini zina mtu aliyepotea humo au zinajua nyumba iliyopoteza. Wageni wenu wa Ulaya huenda hawajui. Waumini wenu wanajua. Kwa hiyo mjulishe chifu na kituo cha polisi mapema, kwa barua, saa ya kuanza na ya kumaliza. Mpelekee habari imamu wa msikiti wa karibu, uende mwenyewe pamoja na mzee mmoja. Milango ibaki wazi usiku wote. Maji ya kunywa na uji wa watoto viwepo, na itangazwe waziwazi kwamba mtoto akitaka kula ale. Na kwenye maombi ya waumini muwaombee waliokufa Shakahola. Ombi hilo liwe fupi, kwa Kiswahili, na lisomwe na mwenyeji. Watu wakilia waacheni walie. Usiku ule ule ndio wa kutangaza kaburi limefunguka, na sijui mahali pengine ambapo kilio hicho kingepelekwa.

Imebaki Pentekoste, na hapa kuna hesabu nzuri. Nimekuambia Pasaka ya Mashariki hupishana na yetu, wakati mwingine kwa majuma matano. Haizidi hapo. Pentekoste yetu huja majuma saba baada ya Pasaka. Maana yake ni kwamba kila mwaka, bila kukosa, ikifika Pentekoste yetu, yule mama wa Kiethiopia ameshamaliza mfungo na ameshaila Fasika. Hiyo ndiyo Jumapili ambayo nyote, kwa kalenda zote, mko katika furaha ya Ufufuko. Soma Matendo ya Mitume sura ya pili uone orodha ile: Waparthi, Wamedi, Waelami, watu wa Misri na Libya, Wakrete na Waarabu, kila mmoja akisikia matendo makuu ya Mungu kwa lugha yake. Hapo sasa toa lugha zote. Maombi ya waumini yasomwe kwa Kiitalia, Kilingala, Kimalayalam, Kiamhari, Kigiriama, Kijaluo, kila moja sentensi mbili, bila tafsiri, na wote waitikie kwa Kiswahili. Kila kundi lilete wimbo wake baada ya Misa, uani, chini ya mwembe, na chungu chake cha chakula. Nyimbo ziwe na beti zote wanazotaka.

Utaniambia kwamba wakati huo masika yamekolea, hoteli nyingi zimefungwa na watalii wamerudi kwao. Ni kweli, Wapolandi wako hawatakuwepo. Watakuwepo Waitalia waliojenga maisha hapa, ambao wengine walikuja tangu enzi za kituo cha anga cha Ngomeni miaka ya sitini, masista, Wakongomani na Waethiopia. Hao ndio mnaozikana. Wapolandi mtakuwa mmeshawapa moto mkononi, na vikapu vyao vimebarikiwa.

Juma hili, kabla hujaandika ratiba ya nne, rudi kwa yule mama. Usiende na mwaliko. Muulize Fasika ya mwaka huu ni lini kwao na wanasali wapi, kisha tarehe hiyo iandike kwenye kalenda ya kigango kwa kalamu ile ile unayoandikia sikukuu zetu. Ibada yao ya usiku hukesha mpaka alfajiri ikikaribia, na mfungo hufunguliwa baadaye kwa mchuzi wa kuku wenye pilipili. Asubuhi ya siku hiyo wachukue watoto wanne au watano wa kwaya, na kuku mmoja aliye hai, mpige hodi kwake. Watoto wamwambie kwa Kiswahili kwamba Kristo amefufuka, na awafundishe wanavyoitikia kwao.